Umeng'atwa na Mbwa: Cha Kufanya Tangu Dakika ya Kwanza Hadi Sindano ya Mwisho

Mimi ni afisa mifugo wa kata, na ofisi yangu imepakana na zahanati. Kwa sababu hiyo mtu aking'atwa na mbwa huja kwangu kuuliza habari za mbwa, kisha huenda kwa muuguzi kuuliza habari za sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Maswali ni yale yale kila wiki. "Mbwa ni wa jirani na ana chanjo, si nisubiri kwanza?" "Ni mkwaruzo tu, damu haikutoka." "Zimepita wiki mbili, sindano bado zina faida?" "Mbwa tumeshamuua, tufanyeje?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hata akiwa na hofu na mtoto analia pembeni.

Nadharia ni fupi. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akikung'ata, mate yanaingia kwenye nyama, na kirusi kinatafuta mshipa wa fahamu na kuufuata polepole mpaka kwenye ubongo. Hakisafiri kwa damu. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kupita mwaka. Kikiwa bado njiani, tunakizuia. Kikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hakuna dawa, karibu kila mgonjwa hufa. Kila mwaka duniani hufa watu wapatao 59,000, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote walipewa ugonjwa huu na mbwa. Na karibu wote wangepona kama wangeoshwa kidonda na kuchomwa sindano mapema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Hivi viandae leo, mbwa akiwa bado hajamng'ata mtu:

- Sabuni. Ya mche, ya kufulia, ya unga, ya kuogea, yoyote. Sabuni ya bei nafuu inafanya kazi sawa na ya bei ghali.
- Dumu moja la maji lisiloguswa kwa kazi nyingine, hasa kama bomba la mtaani kwenu hutoa maji kwa zamu.
- Ayodini ya kahawia au spiriti ya hospitali. Chupa ndogo inatosha.
- Namba tatu kwenye simu: ya zahanati au kituo cha afya, ya hospitali ya wilaya, na ya afisa mifugo wa kata yako. Kama huna ya tatu, mtendaji wa kijiji au wa mtaa anayo.
- Akiba ya nauli. Chanjo haipo kila zahanati, na nimeona watu wakikaa siku tatu wakitafuta pesa ya bodaboda.
- Kadi ya chanjo ya mbwa wako, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia.

## Sehemu ya kwanza: aliyeng'atwa

1. Mtoe mtu mbele ya mbwa, kisha mtazame mbwa vizuri. Sekunde chache tu. Rangi gani? Ana mkufu au kamba shingoni? Ametoka upande gani, amekimbilia wapi? Alichokozwa, au alikuja mwenyewe na kung'ata mtu aliyekuwa anapita zake? Usimkimbize. Usijaribu kumkamata kwa mikono. Unachotaka ni kumtambua baadaye.

2. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hatua hii naomba uisome mara mbili, kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo haihitaji pesa wala daktari. Kirusi hiki kimevaa gamba la mafuta. Sabuni inayeyusha mafuta. Kinachokufa pale kwenye beseni hakitakuwa na safari ya kwenda kwenye ubongo.

Weka saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtu akikadiria kichwani huwa anaacha baada ya dakika mbili. Mmoja amwage maji kwa kata au jagi kutoka juu, mwingine asugue taratibu kwa vidole vyenye povu. Panua matundu ya meno kidogo ili maji yaingie ndani, usiishie juu ya ngozi. Usitumie brashi wala jiwe la kusugulia miguu, utachubua nyama na kukifungulia kirusi njia mpya. Kama anayeosha ana mchubuko mikononi, avae glavu, hata mfuko wa plastiki safi unafaa.

Nakumbuka mtoto wa darasa la pili aliyeletwa ofisini akiwa mgongoni kwa mama yake. Kwenye kigimbi alikuwa na matundu manne, mawili juu na mawili chini, na kila tundu lilikuwa limejazwa unga wa mkaa uliochanganywa na pilipili. Bibi yake alifanya hivyo kwa mapenzi. Tulimkalisha kwenye kigoda uani, nikashika dumu, muuguzi akashika mguu. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Yakafuata ya waridi. Dakika ya tisa au ya kumi yakaanza kutoka meupe, na mama akasema, "Sasa yametosha, baba, mtoto amechoka." Nikamwonyesha saa. Tukaendelea mpaka ikalia. Mtoto yule alimaliza sindano zake zote, na leo yuko sekondari.

Onyo. Usipake pilipili, mkaa, mafuta ya taa, dawa ya mswaki, unga wa kahawa, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe, wala majani yaliyotafunwa. Jiwe jeusi halinyonyi kirusi. Ukikuta vimeshapakwa, usibishane na mzee aliyepaka. Osha tu, dakika zile zile 15.

3. Paka ayodini au spiriti, kisha acha kidonda wazi. Kama damu inatoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi. Usifunge kwa kubana. Usikubali kidonda kishonwe haraka. Kushona kunasukuma mate ndani zaidi, kwa hiyo daktari akiona lazima ashone, atafanya hivyo baada ya kuweka dawa ya kinga ndani ya kidonda, tena kwa kulegeza.

4. Jua uzito wa jeraha. Wahudumu wa afya hutumia madaraja matatu, na ukiyajua utaeleza vizuri ukifika:

- *Daraja la kwanza:* umemgusa au umemlisha, au amekulamba kwenye ngozi isiyo na kidonda. Nawa, basi. Hapa sindano hazihitajiki.
- *Daraja la pili:* amekuguguna kwenye ngozi tupu, au amekukwaruza bila damu kutoka. Unahitaji chanjo.
- *Daraja la tatu:* meno yametoboa ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, machoni, puani au mdomoni. Popo aliyekugusa mwilini naye huhesabiwa hapa. Unahitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari ya kudungwa kwenye kidonda.

"Damu haikutoka" maana yake ni daraja la pili, na daraja la pili linahitaji chanjo. Jeraha la kichwani, usoni, shingoni au kwenye vidole ni la kukimbizwa zaidi ya la mguuni: sehemu hizo zina mishipa mingi ya fahamu, na kutoka shingoni hadi kwenye ubongo ni karibu sana. Watoto hung'atwa usoni kwa sababu uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa. Mkague mtoto mwili mzima, na chini ya nywele pia. Watoto huficha, hasa kama walikatazwa kucheza na mbwa yule.

5. Piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza maneno haya haya: "Mna chanjo ya kichaa cha mbwa ya binadamu leo? Imunoglobulini je? Kama hamna, wapi wanayo?" Simu ya dakika mbili imewaokoa watu wengi na safari ya kilomita sitini ya bure.

6. Nenda siku hiyo hiyo, na chukua sindano ya kwanza bila kusubiri matokeo ya mbwa. Kwetu ugonjwa huu upo, kwa hiyo tunaanza kuchanja huku tunamwangalia mbwa. Akionekana mzima, sindano zinasimamishwa na hakuna ulichopoteza isipokuwa sindano mbili tatu. Ukisubiri na mbwa akaonekana mgonjwa, umepoteza siku ambazo hazirudi.

Mkumbushe mhudumu mambo haya: sindano ya pepopunda, dawa nyingine unazotumia, ujauzito kama upo, ugonjwa wowote unaopunguza kinga ya mwili, na kama uliwahi kuchanjwa kichaa cha mbwa zamani. Mtu mzima huchomwa kwenye msuli wa bega, mtoto mdogo wa chini ya miaka miwili kwenye paja. Chanjo hii haichomwi kwenye tako. Zile hadithi za sindano za tumboni ni za chanjo ya zamani, zisikuzuie.

7. Kwa daraja la tatu, uliza imunoglobulini. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga yake, na mwili unahitaji siku kama saba hadi kumi. Imunoglobulini ni kinga iliyo tayari, inadungwa ndani ya kidonda na pembeni mwake ili ishike zamu siku hizo. Hutolewa mara moja tu, siku ya sindano ya kwanza, au ikikosekana, ndani ya siku saba tangu sindano hiyo. Kwa bahati mbaya mara nyingi haipatikani. Ikikosekana, usirudi nyumbani bila chanjo. Kidonda kilichooshwa vizuri pamoja na chanjo kamili kwa tarehe zake vimeokoa watu wengi mno.

8. Andika tarehe zote kabla hujatoka mlangoni. Kuna ratiba zaidi ya moja, kwa hiyo usishangae ya jirani yako ikiwa tofauti:

- Msulini mara tano: siku ya 0, 3, 7, 14 na 28.
- Msulini mara nne: siku ya 0, 3, 7, na moja kati ya siku ya 14 na 28.
- Msulini kwa safari tatu: siku ya 0 sindano mbili, kila bega moja, kisha moja siku ya 7 na moja siku ya 21.
- Ndani ya ngozi: siku ya 0, 3 na 7, kila mara sehemu mbili, kila sehemu mililita 0.1 tu.

Ratiba ya ndani ya ngozi inatumia dawa kidogo sana, kwa hiyo kichupa kimoja kinaweza kugawanywa kwa watu kadhaa siku moja. Kama mbwa mmoja amewang'ata watu watatu, nendeni pamoja.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la kuhesabu. Siku ya sindano ya kwanza ni siku ya 0, siyo ya 1, na siyo siku uliyong'atwa. Ukichomwa Jumatatu tarehe 3, siku ya 3 ni Alhamisi tarehe 6, siku ya 7 ni Jumatatu tarehe 10, siku ya 14 ni Jumatatu tarehe 17, siku ya 28 ni Jumatatu tarehe 31. Ziandike nyuma ya kadi, kisha ziandike ukutani kwa chaki.

9. Maliza. Kidonda kitakauka siku ya tano au ya sita, maumivu yataisha, shamba litakuita. Hapo ndipo watu huacha. Kidonda kukauka hakuhusiani na kirusi kilicho kwenye mshipa wa fahamu. Kinachoruhusu kuacha ni kimoja tu: mbwa ametazamwa siku 10 kamili, yuko mzima, na mhudumu wa afya amekubali.

## Sehemu ya pili: mbwa aliyeng'ata

10. Usimuue mbwa kwa hasira. Najua inavyokuwa. Kijiji kizima kinatoka na marungu. Lakini mbwa aliye hai ndiye anayeweza kutuambia kama ana ugonjwa. Kama ni wa mtu, nenda kwa mwenyewe kwa adabu, maana ukifika na kelele atamficha au atamtorosha. Mimi huwashauri watu waseme hivi: "Shikamoo mzee. Mbwa wako amemng'ata mwanangu. Sikuja kwa ugomvi. Naomba tumfunge siku kumi, tumwangalie pamoja, na afisa mifugo aje amwone." Mara nyingi mzee anayesalimiwa hivyo huleta mnyororo mwenyewe.

11. Mfunge na umtazame siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyong'ata ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Kwa hiyo akiwa hai na mwenye afya siku ya kumi, mate yake siku ile yalikuwa salama. Afungwe kwa mnyororo, maana kamba ataitafuna, mahali penye kivuli na mbali na watoto. Chakula na maji asukumiwe kwa fimbo. Mtu mzima mmoja tu amhudumie. Usimchanje ndani ya siku hizo, subiri ziishe.

Kila asubuhi angalia: anakula? Anakunywa? Sauti ni ile ile? Taya limefungwa? Anatembea sawasawa? Anamjua mwenyewe?

Kuna mbwa mmoja wa rangi ya udongo tuliyemfunga chini ya mwarobaini. Siku tatu za kwanza alitikisa mkia kila mwenye mbwa alipokaribia, na mwenyewe akaanza kusema tunampotezea muda. Asubuhi ya nne bakuli la jana lilikuwa bado limejaa. Alibweka, na sauti ikatoka kama imekwaruzwa, ikaishia katikati. Mchana alikuwa anang'ata mzizi wa mti mpaka fizi zikatoka damu. Siku ya sita alikufa. Watu wawili aliowang'ata walikuwa wameshachomwa sindano ya pili kila mmoja.

Onyo kubwa. Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hunyamaza, hujificha gizani, taya linalegea, mate yanadondoka, anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Mwenye huruma huingiza mkono mdomoni ili autoe huo mfupa. Usifanye hivyo kamwe. Hali kadhalika kwa ng'ombe au punda anayetoa mate, anayelia kwa sauti ya ajabu na anayeshindwa kumeza: usimnyweshe dawa kwa mkono.

12. Akifa au akiwa ameshauawa, piga simu kwa afisa mifugo kabla ya kumgusa. Ubongo ndio unaopimwa maabara, kwa hiyo kichwa kisipondwe na mzoga usichomwe mapema. Kukata kichwa ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa. Wewe funika mzoga, fukuza mbwa wengine na kunguru. Ikishindikana kabisa kuchukua sampuli, azikwe kwenye shimo refu, anayemzika avae glavu, na pale palipomwagika mate paoshwe kwa maji ya sabuni.

13. Tafuta wengine. Mbwa mgonjwa hang'ati mmoja. Pita nyumba hadi nyumba kwenye njia aliyopita, na uliza mambo matatu: nani mwingine ameng'atwa au kukwaruzwa, mbwa au paka gani alipigana naye, mfugo gani umeng'atwa. Msisahau wachungaji, na watoto waliokuwa njiani kwenda shule. Kila jina lipelekwe zahanati. Mbwa aliyeng'atwa akiwa na chanjo huongezewa moja mara moja na kuangaliwa. Asiye na chanjo ni wa kuuawa kwa utaratibu au kufungiwa miezi mingi, na afisa mifugo ndiye ataelekeza. Mfugo uliong'atwa usichinjwe kabla hamjamuuliza. Maziwa ya ng'ombe mwenye dalili yamwagwe.

## Sehemu ya tatu: chanja mbwa, ndiyo kazi yenyewe

Yote ya juu ni kuzima moto. Kinachozuia moto ni chanjo ya mbwa. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakiwa wamechanjwa, kirusi kinakosa wa kumrukia na mnyororo unakatika. Pemba wamelionyesha hilo: kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa kisiwani, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena na wakauondoa kwa mara ya pili. Waliofanikisha hilo ni watu waliokokota mbwa wao kwa kamba mpaka uwanjani. Kuua mbwa ovyo hakusaidii: waliochanjwa hufa pamoja na wengine, na nafasi zao hujazwa na wageni wasio na chanjo.

14. Mzoeze mbwa kamba wiki moja kabla. Siku ya chanjo mbwa asiyejua kamba humng'ata mwenyewe. Afikishwe na mtu mzima anayemjua, si mtoto.

15. Mchanje akifikisha miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka, au kama kadi inavyosema, kwa kuwa zipo chanjo za muda mrefu zaidi. Kwenye kampeni leta hata watoto wa mbwa, usiwaache nyumbani. Paka pia.

16. Uliza kuhusu ubaridi. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Anayekuletea chupa kutoka mfukoni, bila kiboksi chenye barafu, anakuuzia maji. Mwambie hapana, hata kama ni rafiki yako.

17. Chukua kadi. Mbwa hahesabiwi kuwa na kinga siku ile ile. Mpe karibu mwezi.

## Ukikwama

Hospitali haina chanjo. Waombe wapige simu hospitali ya mkoa wakiwa na wewe pale pale. Ongea na mtendaji na mwenyekiti, watu wamewahi kuchangiwa nauli kwenye kikao cha mtaa. Siku moja ya kuchelewa si sababu ya kukata tamaa, na si sababu ya kulala.

Nimekosa tarehe moja. Nenda mara ukikumbuka. Kwa kawaida mnaendelea pale mlipoishia, hakuna kuanza upya.

Ni wiki tatu sasa, sikufanya lolote. Kama huna dalili, nenda leo. Hata miezi ikipita, chanjo bado inatolewa.

Nina mimba. Nanyonyesha. Chanja. Ni salama kwa mama na mtoto, na ugonjwa hauna salama.

Mbwa ana kadi ya chanjo. Hongera kwa mwenyewe, lakini osha kidonda na nenda zahanati hata hivyo. Kadi inapunguza wasiwasi, haifuti uchunguzi wala siku 10.

Mbwa ametoweka. Mhesabu kuwa mgonjwa. Maliza sindano zote.

Ni mbweha, fisi, nyegere au nguchiro. Hakuna kuwafunga na kuwatazama. Maliza sindano zote.

Nilichanjwa kamili mwaka juzi na nimeng'atwa tena. Onyesha kadi. Kwa kawaida ni sindano mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini. Ndiyo maana kadi haitupwi.

Mkono umevimba na nina homa kidogo baada ya sindano. Hutokea, huisha kwa siku moja mbili. Upele mwili mzima au kubanwa kifua si kawaida, rudi mara moja.

Kovu la zamani linawasha na kuchonyota, mgonjwa anaogopa maji na hata upepo. Huu ndio mwanzo wa mwisho, na ninaandika hivyo kwa uchungu kwa sababu nimewahi kusimama pale. Mpelekeni hospitali, si kwa mganga, ili apewe dawa za kutuliza maumivu na hofu, kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Asifungwe kamba na asiachwe peke yake. Anayemhudumia avae glavu na afunike mdomo na macho. Kisha kaeni na daftari muandike kila aliyemfuta mate, aliyempangusa machozi, aliyekunywa kikombe kimoja naye, aliyelala naye kitanda kimoja. Muuguzi ataamua nani anahitaji sindano, na wanaohitaji waanze asubuhi hiyo hiyo.